Mtoto Alale Chali: Mazungumzo na Wazazi wa Kayole

Mazungumzo yafuatayo yalitolewa na muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto mbele ya wazazi, walezi na wahudumu wa afya ya jamii wa Kayole. Tunayachapisha kama yalivyotolewa, pamoja na baadhi ya maswali yaliyoulizwa mwishoni.

  Kina baba, mko wachache, lakini nimewaona pale nyuma karibu na mlango. Sogeeni mbele, hatuwaumi. Shosho zetu, asanteni kwa kufika. Na wale wenye watoto wanaolia, tafadhali msitoke nje. Mkutano huu ni wao.

Leo sikuja kuzungumza juu ya uji wala uzani. Nimekuja kuzungumza juu ya usingizi. Kliniki tunawaambia mambo mengi: nyonyesha, rudi wiki ya sita, angalia kitovu. Mtoto mchanga hulala saa 14 hadi 17 kwa siku, lakini ni nadra kumwuliza mama: huyu mtoto hulala wapi, hulazwa vipi, na nani yuko kando yake?

Nitaanza na jambo linalonihusu mimi mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado mgeni katika kazi hii, mama mmoja alimleta mwanawe kwa chanjo ya wiki ya sita. Mtoto alikuwa na afya, uzani umepanda vizuri. Mama akalalamika kwamba usiku mtoto anajinyonganyonga kwa gesi na hapati usingizi. Nikamwambia, "Mlaze kwa tumbo, gesi itatoka, atalala vizuri." Ndivyo mama yangu alivyonilaza mimi, na ndivyo nilivyowalaza wanangu. Akanishukuru, akaenda.

Majuma machache baadaye alirudi alfajiri, miguu mitupu, mtoto amefungwa kwenye shali. Alikuwa amemnyonyesha saa sita usiku akamlaza. Saa kumi na moja alipoamka kujiandaa kwenda sokoni, mtoto alikuwa baridi. Jana yake hakuwa na homa. Hakukohoa. Usiku hakulia.

Mama yule hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu: "Sista, nilikosea wapi?" Sikuwa na jibu. Siwezi kusimama hapa niseme kwamba kulala kwa tumbo ndiko kulikomwua mtoto yule, hakuna ajuaye. Lakini baadaye nilisoma, nikafundishwa, nikajua kwamba ushauri niliompa huongeza hatari ya kifo cha namna hiyo, na kwamba wakati nautoa, wenzetu walikuwa tayari wameuacha. Ndiyo maana nikipewa nafasi ya kuzungumza na wazazi, huzungumza juu ya jambo hili. Nina deni la jibu lile.

Kifo hiki ni kipi?

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba hapa Kenya, kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 32 hufariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Kati ya hao, 21 hufariki katika mwezi wa kwanza. Wengi wa hawa wachanga kabisa huondolewa na kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, au maambukizi. Mambo hayo tunapambana nayo hospitalini, na nyinyi mnapambana nayo kwa kujifungulia mahali penye wahudumu.

Lakini kuna vifo vinavyotokea nyumbani, usiku, mtoto akiwa mzima. Vingine vina sababu inayoonekana: mtoto amefunikwa uso na blanketi, amebanwa kati ya godoro na ukuta, au amelaliwa na mtu mzima. Vingine hata daktari akimchunguza mtoto haoni sababu. Hivi vya pili huwapata zaidi watoto wa kati ya mwezi 1 na miezi 4, na takriban visa 9 kati ya 10 hutokea kabla mtoto hajafika miezi 6.

Wataalamu wanaeleza hivi. Wewe na mimi tukifunikwa uso usingizini, ubongo hupiga kengele: tunageuza kichwa, tunavuta hewa, tunaendelea kulala bila hata kukumbuka. Kwa baadhi ya watoto wachanga, sehemu ya ubongo inayopiga kengele hiyo haijakomaa, na kwa macho huwezi kumjua mtoto wa namna hiyo. Akilala kifudifudi pua ikiwa karibu na godoro, anaivuta tena hewa ileile aliyoitoa. Hewa safi inapungua, na kengele hailii. Kwa hiyo kazi yetu ni kuhakikisha hafiki mahali ambapo kengele hiyo inahitajika.

Hata wasomi walikosea

Najua shosho hapa wanasema moyoni: huyu anataka kutufundisha kulea. Nawaomba mnisikilize, kwa maana kosa hili halikuwa lenu peke yenu. Daktari Benjamin Spock wa Marekani, ambaye kitabu chake cha malezi kilisomwa na mamilioni ya wazazi, katika matoleo ya miaka ya 1950 alishauri mtoto alazwe kwa tumbo ili asipaliwe akitapika. Hospitali nyingi zikafuata. Wauguzi wakafundishana. Ushauri ukasafiri hadi ukatufikia.

Baadaye watafiti wa Uholanzi, New Zealand, Australia na Uingereza walilinganisha watoto waliofariki usingizini na wale waliokuwa hai, wakaona jambo moja likijirudia: waliofariki walikuwa wamelazwa kwa tumbo mara nyingi zaidi. Uingereza ilianza kampeni ya kitaifa mwaka 1991, baada ya mtangazaji wa televisheni Anne Diamond kufiwa na mwanawe mchanga Sebastian mwaka huo huo na kuamua kulisema jambo hilo hadharani. Marekani ikafuata mwaka 1994. Ujumbe ulikuwa mfupi: mlaze chali. Uingereza vifo hivyo vimepungua kwa takriban asilimia 80 tangu wakati ule. Marekani vilipungua kwa zaidi ya nusu katika muda wa miaka kumi hivi. Hakukuwa na dawa mpya. Mtoto aligeuzwa tu.

Mwaka 2005 watafiti walirudi kuzipitia tafiti zote za zamani. Wakasema kwamba ushahidi ulikuwapo tangu mwaka 1970, na kwamba kama ungekusanywa na kusikilizwa mapema, zaidi ya watoto 10,000 wa Uingereza, na wengine wasiopungua 50,000 wa nchi nyingine tajiri, huenda wasingekufa. Ninawaambia haya ili mtu yeyote hapa asione aibu kubadilika. Waliobadilika ni madaktari wakubwa kuliko mimi.

Akilala chali hatapaliwa?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Akicheua maziwa akiwa chali, si yatamwingia kwenye mapafu?

Hebu shika koo lako kwa mbele. Hapo unapogusa ni njia ya hewa. Njia ya chakula iko nyuma yake. Mtoto akilala chali, njia ya hewa huwa juu na njia ya chakula huwa chini. Maziwa yakirudi, hukaa chini, na mtoto huyameza au huyatema. Ukimgeuza kwa tumbo, njia ya hewa ndiyo inayokuwa chini, na maziwa yanayorudi huteremkia huko. Kwa hiyo mtoto mzima hulindwa zaidi akiwa chali.

Na kumlaza ubavu? Ubavu si pa kutegemea. Mtoto wa ubavu akijitikisa kidogo tu anaanguka kwa tumbo. Mlaze chali, usingizi wa mchana na wa usiku, mpaka atimize mwaka. Akifika umri wa kujigeuza mwenyewe huku na huku, usikeshe ukimrudisha. Wewe mwanzishe chali, akijigeuza mwache, mradi hapana kitu laini karibu yake.

Na gesi? Baada ya kunyonya mshike wima begani, umpapase mgongo taratibu mpaka acheue. Mchana, akiwa macho na wewe ukimtazama, mlaze kwa tumbo dakika tatu hadi tano, mara mbili tatu kwa siku. Hiyo humkaza shingo na mabega na kuzuia kichwa kuwa bapa upande mmoja. Tumbo ni la kuchezea akiwa macho. Chali ni kwa kulala.

Nyumba ya chumba kimoja

Sasa tuje Kayole. Vitabu vinasema mtoto alale chumba kimoja na wazazi, lakini katika kitanda chake mwenyewe, angalau miezi 6 ya kwanza. Nusu ya kwanza ya ushauri huo tumeitimiza bila kujaribu. Hapa wengi wetu tuna chumba kimoja, pazia katikati, jiko upande huu na kitanda upande ule. Na kitanda ni kimoja: baba, mama, mtoto mchanga, na pengine dada yake wa miaka mitatu.

Jambo hili ni la kale. Wanaosoma Biblia mnakumbuka kisa cha Mfalme Suleimani na wale wanawake wawili waliogombania mtoto. Ugomvi ule ulianzia wapi? Mmoja wao alimlalia mwanawe usiku. Hakukusudia. Alikuwa amelala.

Sitawaambia mnunue kitanda cha mtoto cha dukani. Bei yake mnaijua, na hata ukipewa bure hutapata pa kukiweka. Lakini sikilizeni wenzetu walivyofanya. Finland, tangu mwaka 1938, serikali huwapa kina mama sanduku la karatasi ngumu lenye nguo za mtoto na kigodoro chini. Mtoto hulala ndani ya sanduku hilo hilo. New Zealand, kuanzia mwaka 2006, Wamaori walianza kusuka vikapu vya ukindu wa kwao, vyenye sakafu ya usawa na kuta fupi. Mtoto hulala ndani ya kikapu, na kikapu huwekwa juu ya kitanda cha wazazi. Yuko nao kitandani, lakini ana nafasi yake isiyoingiliwa na mgongo wala blanketi la mtu.

Nasi tuna mafundi wa mbao. Mwambie fundi akutengenezee kisanduku cha urefu wa kama sentimita 70 na upana wa 40, kuta fupi, mbao zilizopigwa randa vizuri, misumari isiyochomoza, bila vanishi yenye harufu kali. Ndani weka kigodoro kigumu, chembamba, kinachojaa sanduku bila kuacha pengo pembeni. Juu yake shuka moja iliyovutwa ikakaza. Basi. Kisanduku kikae mahali pa usawa karibu na kitanda, umfikie kwa mkono. Kama sakafu yako ina unyevu au panya, kiweke kitandani upande wako, kikae imara. Usikiweke juu ya meza, juu ya kabati, wala ukingoni mwa kitanda.

Ndani ya kisanduku hakuingii mto. Mtoto hahitaji mto mpaka atimize mwaka. Hakuingii mwanasesere, leso iliyokunjwa, wala ile mito ya kuzungushia kitanda inayouzwa kwa seti nzuri nzuri. Ukiletewa zawadi ya namna hiyo, shukuru, kisha uitumie akiwa macho umeketi naye. Chandarua kivutwe, kisimwangukie usoni.

Kama kwa leo hakuna kisanduku na lazima mlale kitanda kimoja, basi punguzeni hatari. Mtoto awe chali, kando ya mama, asiwe katikati ya watu wawili, na asilale kando ya mtoto mwingine. Upande wa pili usiwe na pengo kati ya godoro na ukuta; kama lipo, sogezeni kitanda mpaka kigusane na ukuta au mtandike godoro sakafuni mbali na ukuta. Mito na blanketi la watu wazima viwe mbali na kichwa chake. Godoro liwe gumu, lisiwe lile lililobonyea katikati, kwa sababu mtoto atabingirikia bondeni.

Na kuna nyumba ambazo hazifai kabisa kulala na mtoto kitanda kimoja. Kama wewe au mwenzako amekunywa pombe, anavuta sigara, au amemeza dawa inayoleta usingizi. Kama mtoto alizaliwa kabla ya wakati au chini ya kilo 2.5. Hapo hata leo usiku tafuteni njia nyingine, hata kama ni baba kulala chini.

Jambo moja zaidi: kochi. Mama amechoka, anaketi kwenye kochi kunyonyesha saa nane za usiku, usingizi unamchukua, mtoto anateleza kati ya mkono na mto wa kochi. Kochi ni mahali pa hatari kuliko kitanda. Ukihisi usingizi unakuja, ni afadhali unyonyeshee kitandani palipoondolewa mito kuliko kwenye kochi. Ukizinduka, mrudishe mahali pake.

Baridi ya Julai

Juni, Julai na Agosti, baridi ya Nairobi mnaijua. Mama anamvisha mtoto soksi mbili, sweta, kofia ya sufu, shali, kisha blanketi zito la harusi. Mapenzi ni mengi, lakini mtoto hutoa joto jingi kupitia kichwani, na akizidiwa joto usingizi wake huwa mzito na hatari huongezeka.

Mvishe nguo moja zaidi ya zile zinazokutosha wewe mle ndani. Ukiingia nyumbani, kofia vua. Usimpime kwa mikono na miguu. Hiyo ya mtoto huwa baridi siku zote. Ingiza mkono wako kifuani au nyuma ya shingo. Pakiwa na jasho, punguza. Bora umvishe nguo ya kumfunika mpaka miguuni kuliko kumfunika blanketi. Kama blanketi ni lazima, liwe jepesi, liishie chini ya makwapa, kingo zichomekwe chini ya godoro, na miguu yake ikaribie upande wa mwisho wa kisanduku ili asiteleze kuingia ndani ya blanketi.

Sasa nisikilizeni vizuri kuhusu jiko. Kuna wanaopika kwa makaa, kisha baridi ikizidi wanaliingiza jiko ndani, wanafunga mlango na dirisha, wanalala. Makaa yaliyoshika vizuri hayatoi moshi, ndiyo maana watu huyaamini. Lakini hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya hewa safi ndani ya damu. Haikukohozi. Haikuamshi. Baridi ikija mjini hapa, tunazika familia nzima kwa ajili yake. Jiko lenye makaa halilali ndani ya nyumba mnamolala, hata kama yanaonekana yamezimika, hata kama kuna mwanya mdogo dirishani. Na mvutaji sigara avutie nje ya ploti, tena mwenye mimba asivute kabisa.

Ziwa la mama na chanjo

Mambo mawili zaidi yanapunguza hatari, na yote mnayajua kwa sababu nyingine. La kwanza ni kunyonyesha. Mtoto anayenyonya ziwa la mama ana hatari ndogo ya kifo cha usingizini, na miezi 6 ya kwanza maziwa peke yake yanamtosha.

La pili ni chanjo. Hapa kuna uvumi, nami sitaukwepa. Chanjo zetu hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Vifo vya usingizini hutokea zaidi kati ya mwezi 1 na miezi 4. Umeona? Ni majira yaleyale. Kwa hiyo mtoto akifariki, mara nyingi atakuwa alichanjwa siku chache au majuma machache kabla, na watu watasema ni sindano. Jambo hili limechunguzwa katika nchi nyingi. Chanjo haisababishi vifo hivi, na watoto waliochanjwa wameonekana kuwa na hatari ndogo kuliko wasiochanjwa. Rudini kliniki.

Anayebaki na mtoto

Mama wa Kayole harudi kazini baada ya miezi mitatu. Wengi mnarudi baada ya wiki sita, pengine nne, kwa sababu kodi ya nyumba haisubiri. Mtoto anabaki na shosho, na dada wa kazi, au kwa yule mama wa ploti ya pili anayetunza watoto kumi kwenye chumba kimoja.

Nawaomba mjue jambo hili: mtoto aliyezoea kulala chali, akilazwa kwa tumbo kwa mara ya kwanza na mlezi mwingine, hatari yake huwa kubwa kuliko ya yule aliyezoea tumbo. Siku moja tu inatosha. Kwa hiyo kabla hujamwachia mtu mtoto, usimwambie tu atakula nini. Ingia ndani, tazama atalala wapi. Uliza: humlaza vipi? Mwonyeshe. Kaunti yetu ina sheria ya vituo vya kulelea watoto ya mwaka 2017, na wenye vituo mko hapa. Hatukuja kuwafungia. Tunataka kila mchanga awe na nafasi yake, chali, na mtu wa kumtupia jicho.

Likitokea

Mwisho, hata tukifanya yote haya, baadhi ya watoto watatuacha. Hatari inapungua, haimaliziki. Likitokea, mpeleke mtoto hospitalini hata kama unaona ameshakwenda, kwa sababu mwenye kuthibitisha ni daktari. Aliyefia nyumbani huandikishwa kwa naibu wa chifu, na polisi wanaweza kuja kuuliza maswali. Kuulizwa si kushtakiwa.

Na sisi majirani, tufunge midomo. Nimesikia yanayosemwa: amemlalia, alikuwa amelewa, ni jicho, ni mkwe wake. Mama huyo maziwa bado yanamtoka kifuani. Hana mtoto wa kuyanyonya. Mpelekee chai. Keti naye. Mhudumu wa afya ya jamii amfikie siku hiyo hiyo. Na msimsahau baba, naye amefiwa.

Maswali

Shosho mmoja aliuliza: "Nimelea watoto saba, wote walilala kwa tumbo, na wote wako hai. Waniambia nini?"

Shosho, namshukuru Mungu kwa hao saba. Wako watu wanaovuka barabara ya Kangundo bila kutazama kushoto wala kulia, na kila siku wanafika ng'ambo. Hatuwafundishi wajukuu kuvuka hivyo. Wengi watafika. Sisi tunamtafuta yule mmoja ambaye hangefika.

Mama mmoja aliuliza: "Wangu nikimlaza chali anashtuka, anarusha mikono na kulia. Kwa tumbo analala saa nne mfululizo."

Ni kweli, kwa tumbo hulala fofofo, na huko kulala fofofo ndiko kunakotutia hofu.  Vumilia siku chache, atazoea. Unaweza kumfunga kwa leso nyepesi, mikono ndani, mapaja yakiwa huru, uso wazi, na awe chali tu. Ukiona ameanza kujaribu kujigeuza, acha kabisa kumfunga.

Baba mmoja aliuliza: "Mimi ni wa bodaboda, narudi saa tisa usiku gizani. Nikifika mtoto yuko nafasi yangu."

Asante kwa kusema ukweli. Usijitupe kitandani gizani. Mwamshe mama kwanza, au washa tochi ya simu, umtafute mtoto alipo, umrudishe mahali pake. Na siku ukipitia kwa marafiki ukanywa, lala chini. Hiyo ni kazi ya baba.

Mama wa pacha waliozaliwa kabla ya wakati aliuliza: "Hospitalini nilifundishwa kuwabeba kifuani, ngozi kwa ngozi. Sasa unasema wasilale kwa tumbo?"

Endelea kama ulivyofundishwa. Malezi yale yalianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, na yameokoa watoto wengi. Ukiwa umeegemea, mtoto wima kati ya matiti, kichwa kimegeuzwa upande, shingo imenyooka, kitambaa kimekaza, anapumua vizuri na wewe unamhisi. Ukichoka, mwenzako akupokee. Anaposhuka kifuani kwenda kitandani, hapo ndipo anapolala chali, na kila pacha na nafasi yake.

Nimemaliza. Mkifika nyumbani leo, kabla ya taarifa ya saa moja, fanyeni mambo manne. Tazama mahali mtoto anapolala, ondoa mto na kila kitu laini. Mlaze chali. Jiko likae nje. Na mwambie mtu mmoja ambaye hakuja hapa.

Yule mama wa zamani alihama Kayole, sijui yuko wapi. Nikikutana naye leo nitamwambia: hukukosea, mama, hukuambiwa. Nyinyi mmeambiwa.